Maumivu ya Nyonga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uchunguzi wa Mwili

Wengi wanaofika kliniki za mifupa hapa Dar es Salaam wakilalamikia nyonga huja na tegemeo moja: kupigwa picha. Badala yake hutembezwa ukumbini, husimamishwa kwa mguu mmoja, hulazwa, kisha hukunjwa na kuzungushwa miguu, tena kwa kuanzia na ule usiouma. Haya ni majibu ya maswali yanayojirudia kutoka kwa wagonjwa, kwa ndugu wanaowasindikiza, na kwa wanafunzi wa fani za afya wanaosimama pembeni na daftari zao. Yamefuata mwendo wa uchunguzi wenyewe kadiri ilivyowezekana.

Nitajuaje kama kinachouma ni nyonga, kiuno au tako?

Onyesha kwa kidole kimoja. Mgonjwa akisema "kiuno" anaweza kumaanisha popote kuanzia chini ya mbavu hadi katikati ya paja, kwa hiyo kidole kinasaidia kuliko jina.

Kidole kikitua kinenani, kwenye mkunjo kati ya paja na tumbo, shaka ya kwanza huangukia kiungo cha nyonga chenyewe. Kiungo hicho kimejificha ndani kuliko watu wanavyodhani. Kichwa cha mfupa wa paja kimezama katika tundu la fupanyonga kama mchi ndani ya kinu, misuli minene imekizunguka kila upande, na hakuna mahali unapoweza kukibonyeza moja kwa moja. Ndiyo maana wagonjwa wengine hawatumii kidole. Hushika ubavu wa nyonga kwa kiganja kizima, dole gumba likielekea nyuma na vidole vinne vikifika kinenani, mkono ukajikunja kwa umbo la herufi C. Mchunguzi mzoefu huiona ishara hiyo kabla mgonjwa hajamaliza sentensi.

Kidole kikitua ubavuni, kwenye mfupa uliotokeza pale unapolalia ubavu, mara nyingi tatizo ni kano na vifuko vya ute vilivyo nje ya kiungo. Kikitua kwenye tako au juu yake, mgongo wa chini na maungio ya nyuma ya fupanyonga ndiyo huchunguzwa kwanza. Mipaka hii haina ukuta. Nyonga iliyochakaa huweza kuuma takoni, na mshipa wa fahamu uliobanwa mgongoni huweza kushuka hadi pajani mbele. Kidole kinatoa mwelekeo tu.

Mimi naumwa goti. Mbona ananichunguza nyonga?

Kwa sababu nyonga na goti hupata hisia kutoka kwenye baadhi ya mishipa ya fahamu ileile, na ubongo huchanganya chanzo. Wapo watu wazima wanaopakwa dawa za kuchua gotini kwa miezi huku nyonga ikizidi kukakamaa. Kwa watoto na vijana jambo hili ni zito zaidi: mtoto anayelalamika goti, na goti lenyewe likikutwa halina uvimbe wala maumivu linapobonyezwa, lazima nyonga zake zizungushwe kabla hajarudishwa nyumbani. Kama wewe ni mzazi na hilo halikufanyika, liulizie bila aibu.

Kwa nini naangaliwa ninavyotembea kabla ya kulala kitandani?

Uchunguzi huanza unapoinuka kwenye benchi la foleni. Anayesukuma kiti kwa mikono yote miwili ili asimame, anayepiga hatua mbili tatu za kujivuta ndipo mwendo ukae sawa, anayeshika ukuta: hayo yote yameshasema jambo kabla ya "shikamoo daktari".

Mwendo wa kuchechemea una aina zake. Mmoja ni wa kukwepa maumivu: mguu unaouma hukanyagwa kwa muda mfupi sana, mwili ukakimbilia upande mzima. Mwingine ni wa udhaifu: kila hatua kiwiliwili kinayumba kuelekea upande wenye tatizo, na ikiwa pande zote mbili zimelegea mtu hutembea akipepesuka kushoto na kulia, kama baadhi ya wazee wetu wanavyoshuka kwenye mwendokasi pale Kivukoni. Upo pia mwendo wa mguu mfupi, na wa nyonga iliyokakamaa ambapo mtu husogeza fupanyonga lote kwa kuwa kiungo hakikunjuki.

Hapa niseme kidogo kuhusu mkongojo, kwa sababu hukosewa kila siku. Mkongojo hushikwa kwa mkono wa upande usiouma. Unaposimama kwa mguu mmoja, nyonga hubeba mzigo wa karibu mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mwili, maana misuli ya pembeni inavuta kwa nguvu kuzuia fupanyonga lisianguke. Mkongojo ulio upande wa pili unaisaidia misuli hiyo, na mzigo unapungua sana. Ukiushika upande unaouma unapata mahali pa kuegemea, lakini nyonga inabaki na kazi yake karibu yote. Wazee hubisha. Waombe watembee ukumbi mzima kwa namna zote mbili, waamue wenyewe.

Kusimama kwa mguu mmoja kunapima nini?

Hicho ni kipimo cha Trendelenburg, daktari mpasuaji wa Ujerumani aliyekieleza mwaka 1895 alipokuwa akichunguza watu waliozaliwa na nyonga zilizotoka mahali pake. Mchunguzi hukaa au kupiga magoti nyuma yako, huweka vidole kwenye pande mbili za juu ya fupanyonga, kisha hukuambia uinue mguu mmoja.

Ukisimama kwa mguu wa kushoto, misuli ya pembeni ya nyonga ya kushoto ndiyo yenye kazi ya kulishikilia fupanyonga. Ikiwa imara, upande wa kulia unabaki sawa au unapanda kidogo. Ikiwa dhaifu, upande wa kulia unashuka. Kwa hiyo upande unaoanguka ndio mzima, na wenye kasoro ni ule uliosimamiwa. Wanafunzi huligeuza hili kila mwaka.

Misuli hiyo hushindwa kwa sababu nyingi: kiungo kilichochakaa, mshipa wa fahamu ulioumia, kano iliyochanika, mvunjiko wa zamani uliounga vibaya, au maumivu tu yanayoifanya isite. Usiridhike na sekunde tatu. Misuli iliyochoka huvumilia mwanzoni, hivyo inafaa mgonjwa asimame hadi sekunde 30. Na uangalie kichwa na mabega pia, kwa kuwa mjanja ataegemeza kiwiliwili upande aliosimamia, fupanyonga likabaki sawa na wewe ukadanganyika. Kwa mtu mwenye shida ya mizani au mzee sana, mpe mikono yako aishike, la sivyo utakuwa unapima uwezo wake wa kutokuanguka.

Nivae nini siku ya uchunguzi?

Bukta pana, na kwa wanawake kanga ya ziada au mbili. Nyonga haichunguzwi juu ya jinzi, na pia si lazima uvuliwe kila kitu. Kanga inafunika, inasogezwa pale panapohitajika, inarudishwa. Una haki ya kuomba ndugu yako au muuguzi awepo chumbani, na mwanamke anaweza kuomba achunguzwe na mwanamke mwenzake akiwapo. Mchunguzi anayejua kazi yake hukueleza kabla ya kukugusa kinenani ni kwa nini anagusa hapo.

Anapima miguu kwa futi kama fundi cherehani. Ya nini?

Kutafuta kama mguu mmoja ni mfupi, na ufupi unatoka wapi. Kipimo cha kwanza huanzia kwenye ncha ya mfupa wa fupanyonga iliyo mbele, ile unayoigusa pale mkanda wa suruali unapopita, hadi jicho la mguu la upande wa ndani. Huo ndio urefu halisi. Cha pili huanzia kitovuni hadi palepale. Ikiwa urefu halisi ni sawa lakini wa kitovuni unatofautiana, mifupa ya miguu haina hitilafu. Fupanyonga limepinda kwa sababu ya nyonga iliyokakamaa au mgongo. Tofauti isiyozidi sentimita moja ni ya kawaida kwa watu wengi na haistahili kunyimwa nayo usingizi.

Akiwa na futi mkononi, mchunguzi makini hupima pia mzunguko wa mapaja yote mawili kwa umbali uleule juu ya goti. Paja lililopungua unene linaonyesha kwamba tatizo si la juzi.

Kwa nini anaukunja mguu mzima wakati unaouma umelala tu?

Huo ni ujanja wa Hugh Owen Thomas, daktari wa mifupa wa Liverpool katika karne ya 19. Nyonga iliyokakamaa katika hali ya kukunjika hujificha vizuri sana ukilala chali, kwa sababu unauinua mgongo wa chini kutoka kitandani bila kujijua na miguu yote inaonekana imenyooka. Mchunguzi hupenyeza kiganja chini ya kiuno chako, halafu huukunja mguu mzima kuelekea kifuani mpaka kiuno kibane kiganja chake. Mgongo ukishalala hauna pa kujificha tena: ikiwa nyonga ya pili haikunjuki, paja lake litainuka lenyewe kutoka kitandani, na pembe linayoinuka nayo ndiyo kiasi cha ukakamavu.

Ni hatua gani inayosema mengi zaidi?

Kuzungusha paja kuelekea ndani. Kama ningepewa kipimo kimoja tu cha nyonga katika zahanati isiyo na umeme, ningechagua hicho.

Unalala chali, nyonga na goti vimekunjwa kwa digrii 90, mchunguzi anashika goti kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine. Ili paja lizunguke ndani, unyayo unapelekwa nje, mbali na mwili. Hilo huchanganya watu kwa sababu jicho linafuata unyayo wakati kinachopimwa ni kichwa cha mfupa. Mtu mzima asiye na tatizo hufika takriban digrii 30 hadi 40. Kuzungusha nje hufika kama 45, kukunja kama 120, kutanua mguu pembeni kama 45. Nambari hizi hupungua kwa umri, kwa hiyo linganisha na mguu wa pili kwanza, jedwali baadaye. Ndiyo sababu ule mzima huanza: unakuwa kipimo cha mwenzake, na mgonjwa anajua kinachokuja.

Gegedu la nyonga, yaani tabaka laini na telezi linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, likichakaa, mzunguko wa ndani ndio hutangulia kupotea, mara nyingine muda mrefu kabla mtu hajashindwa kutembea. Vigezo vya kutambua uchakavu wa nyonga vilivyotolewa Marekani mwaka 1991 vimeupa nafasi hiyo: maumivu ya nyonga pamoja na mzunguko wa ndani usiofika digrii 15 na kukunja kusikozidi 115. Njia ya pili ndani ya vigezo hivyohivyo ni kwa aliyezidi miaka 50, mwenye mzunguko wa ndani unaofika 15 au zaidi lakini unaouma, na ukakamavu wa asubuhi usiozidi saa moja. Ukakamavu unaozidi saa moja na kulegea kadiri mtu anavyotembea unaelekeza kwenye magonjwa ya uvimbe wa maungio, ambayo tiba yake ni tofauti kabisa.

Kuna toleo la upole la kipimo hiki. Mguu umelala umenyooka, mchunguzi anauviringisha paja ndani na nje kwa viganja. Hapo misuli haivutwi sana. Kinachozunguka ni kichwa cha mfupa ndani ya tundu lake. Ikiwa hata hilo linauma kinenani, kiungo chenyewe kina shida. Kwa mgonjwa mwenye maumivu makali anza na hiki, pengine uishie hapo.

Na ile ya kukunja mguu kwa umbo la namba nne?

Unalala chali na kuweka jicho la mguu juu ya goti la pili, kisha mchunguzi anasukuma goti taratibu kuelekea kitandani huku akizuia upande wa pili wa fupanyonga. Kipimo hiki hubeba jina la Patrick, daktari wa neva wa Marekani. Thamani yake iko katika swali linalofuata: "Inauma wapi?" Ukisema kinenani, ni nyonga au misuli iliyo mbele yake. Ukisema nyuma, karibu na kishimo kilicho juu ya tako, ni ungio la nyuma la fupanyonga. Mchunguzi anayesukuma bila kuuliza amefanya mazoezi tu.

Mwenzake ni ule wa kukunja nyonga, kuvusha goti kuelekea bega la upande wa pili, na kuzungusha paja ndani kwa wakati mmoja. Huo huibana sehemu ya mbele ya tundu na hutumika kwa vijana, hasa wachezaji mpira, wanaoshukiwa kuchanika ukingo wa gegedu au kuwa na mifupa inayogongana mbele ya nyonga. Una tabia moja ya kuudhi: huwauma wengi, wakiwamo wasio na ugonjwa huo. Usipouma unatuliza, ukiuma haujathibitisha kitu. Kijana asiambiwe "umechanika" kwa kipimo hicho peke yake.

Siwezi kulalia ubavu usiku. Nyonga imeoza?

La hasha. Maumivu ya ubavuni, yanayozidi ukilalia upande huo, ukipanda ngazi za maghorofa ya Kariakoo au ukisimama muda mrefu, mara nyingi ni ya kano za misuli ya pembeni pale zinaposhika mfupa. Huwapata zaidi wanawake wa makamo. Mchunguzi hubonyeza ule mfupa uliotokeza na wewe unaruka. Kisha hukusimamisha kwa mguu huo kwa sekunde 30 na maumivu yanarudi palepale. Kisha hukulaza ubavu na kukuambia uinue mguu dhidi ya mkono wake. Mzunguko wa ndani huwa umebaki mzuri, na unaweza kuvaa soksi bila shida, jambo ambalo mwenye uchakavu wa nyonga hawezi. Mazoezi ya kuimarisha misuli hiyo ndiyo tiba kuu, pamoja na kuacha kusimama umening'inia upande mmoja.

Mgongo unaangaliwaje?

Kwa kuinama, kunyooka na kuinua mguu ulionyooka ukiwa umelala. Maumivu yakishuka chini ya goti mguu unapofika kati ya digrii 30 na 70, mshipa wa fahamu mgongoni unashukiwa. Kukaza kwa misuli nyuma ya paja peke yake hakuhesabiki. Kinena nacho kina wapangaji wengine: ngiri, tezi zilizovimba, mishipa ya damu. Mtu akohoe, kinena kipapaswe, mapigo ya damu ya paja yatafutwe.

Mtoto wangu anachechemea tangu jana. Nisubiri?

Usisubiri kama ana homa au amekataa kabisa kukanyaga. Usaha ndani ya nyonga huharibu gegedu kwa siku chache, na mtoto anaweza kubaki na kilema cha maisha. Mtoto wa namna hiyo hulala akiwa ameukunja mguu na kuupeleka nje kidogo, kwa sababu hapo kiungo kina nafasi kubwa zaidi ya maji, na hulia ukiugusa tu kuuzungusha. Kwa uchunguzi wa hapo, mguso mmoja wa upole unatosha. Madaktari hutumia viashiria vinne vilivyochapishwa na Kocher na wenzake mwaka 1999: homa, kushindwa kukanyaga, kasi ya kushuka kwa chembe nyekundu (kipimo cha damu kinachoashiria uvimbe mwilini) inayofika milimita 40 kwa saa, na chembe nyeupe za damu zaidi ya 12,000. Vikikutana vyote, uwezekano wa usaha ni mkubwa sana na chumba cha upasuaji huandaliwa. Mtoto mwenye umri kati ya miaka mitatu na kumi, aliyetoka kupata mafua, hana homa na anakubali kusogezwa mguu, mara nyingi ana uvimbe wa muda unaopoa wenyewe, ila uamuzi huo ni wa aliyemchunguza.

Kwa vijana wa miaka kama 10 hadi 16, hasa wazito, kuna hali ya kichwa cha mfupa kuteleza kutoka shingoni mwake. Ishara yake ni ya pekee: ukikunja goti kuelekea kifuani, paja linajipeleka nje lenyewe, halikubali kwenda moja kwa moja. Ukiiona, kijana asitembee tena, hata kwenda chooni, mpaka afike hospitali kwa machela au kiti cha magurudumu. Maumivu yanayojivuta wiki na miezi, mtoto akilia usingizini na paja likikonda, yafanye kifua kikuu cha nyonga kifikiriwe.

Watoto wachanga hupimwa kwa mbinu za Barlow na Ortolani. Ya kwanza hujaribu kwa upole kama nyonga inateleza kutoka, ya pili hujaribu kuirudisha. Baada ya miezi kama mitatu mbinu hizo hupoteza makali, na kutotanuka sawa kwa mapaja kunakuwa ishara bora. Waliotanguliza matako na watoto wa kike huangaliwa zaidi. Tatizo hili ni adimu katika jamii zinazobeba watoto mgongoni miguu ikiwa imetanuka, kwa hiyo akina mama mnaoambiwa mbeleko inapinda miguu, endeleeni kubeba.

Nina selimundu. Je, kuna tofauti?

Ipo, na ni kubwa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani, na moja ya madhara yake ni kichwa cha mfupa wa paja kufa kwa kukosa damu. Hatari ni kwamba maumivu ya nyonga huhesabiwa kuwa krizi ya kawaida, yaani vile vipindi vya maumivu makali ya selimundu, mtu anapewa maji na dawa, anarudi nyumbani. Krizi hupita. Maumivu ya kinenani yanayobaki baada ya wiki, yanayozidi ukikanyaga, pamoja na mzunguko wa ndani na kutanuka kulikopungua, yanahitaji kuangaliwa peke yake. Sema wazi: "Haya si yale ya siku zote." Mwanzoni eksirei huweza kuonekana safi kabisa, na MRI, picha ya mashine ya sumaku, ndiyo huona mapema.

Onyo hilihili linawahusu waliotumia steroidi kwa muda mrefu, ikiwa ni pamoja na vidonge vinavyonunuliwa kiholela kwa ajili ya kunenepa, na wanywaji wa pombe kupita kiasi. Mtaje kila ulichokunywa. Hakuna anayekuhukumu.

Bibi ameteleza bafuni na hawezi kuinuka. Tumkande?

Msimkande, msimvute, msimwite mchuaji. Tazameni miguu yote miwili akiwa amelala chali. Mguu ulioonekana mfupi na unyayo ulioangukia nje ni mvunjiko wa shingo ya mfupa wa paja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hapo hakuna haja ya kupima mizunguko. Anapewa dawa ya maumivu, mguu unategemezwa kwa mito na kanga zilizokunjwa, anapelekwa hospitali. Kama unyayo uko sawa lakini hawezi kuinua mguu ulionyooka kutoka kitandani, shaka inabaki ileile. Wapo wanaotembea kwa kuchechemea juu ya mfupa uliovunjika na kujibana, kwa hiyo "alitembea hadi sebuleni" si kibali cha kungoja.

Kuna mbinu ya zamani inayowafaa sana walio mbali na mashine. Stetoskopu huwekwa kwenye mfupa wa kinena katikati, kisha magoti hugongwa kwa kidole, moja baada ya jingine, kwa nguvu ileile. Mfupa mzima hupitisha sauti wazi. Uliovunjika huipitisha kwa kufifia. Haichukui dakika moja na haimsogezi bibi hata kidogo.

Kwa majeruhi wa ajali za barabarani sura ni nyingine. Abiria wa kiti cha mbele aliyegonga goti kwenye dashibodi huweza kuletwa mguu ukiwa mfupi, umekunjika na goti likielekea ndani. Nyonga imetoka kwa nyuma. Inafaa irudishwe ndani ya saa sita, kwa sababu damu ya kichwa cha mfupa imebanwa. Kabla na baada ya kuirudisha, mwambie ainue unyayo juu. Akishindwa, mshipa mkubwa wa fahamu umeguswa na lazima iandikwe.

Naweza kujipima nyumbani?

Unaweza kuchunguza, usijitibu kwa ulichokiona. Jaribu kuvaa soksi na kukata kucha za mguu huo. Jaribu kuchuchumaa, kupanda daladala kwa kutanguliza mguu huo, kukaa mkekani na kuinuka, na kwa wanaoswali, kukaa baina ya sijda mbili. Andika ni lipi limekushinda na tangu lini. Orodha hiyo ndogo inampa daktari zaidi ya "inauma sana daktari".

Ninywe dawa ya maumivu kabla ya kwenda?

Kunywa ukihitaji, useme jina lake na saa uliyokunywa.

Kama mikono inaeleza yote haya, kwa nini eksirei?

Haielezi yote. Uchunguzi unaonyesha wapi pa kuelekeza picha na namna ya kuisoma. Wapo wazee wenye eksirei za kutisha wasioumwa, na wapo wanaoumwa wenye eksirei nzuri. Daktari asiyekugusa akasoma filamu pekee anaweza kutibu picha ya mtu ambaye mgongo wake ndio unaouma. Picha ikipigwa, iwe ya fupanyonga lote kutoka mbele ili nyonga mbili zilinganishwe, na kwa kijana anayeshukiwa kuteleza kwa kichwa cha mfupa iongezwe ya ubavu.

Nianzie wapi hapa Dar?

Kwa maumivu yasiyo ya dharura, kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali za rufaa za mkoa: Amana, Temeke au Mwananyamala. Kesi zinazohitaji upasuaji mkubwa au ubingwa wa mifupa huelekezwa MOI, taasisi ya mifupa iliyo pale Muhimbili. Ukipewa rufaa, omba aliyekuchunguza aandike alichokikuta kwa nambari: mzunguko wa ndani digrii ngapi kila upande, urefu wa miguu, umesimama sekunde ngapi. Barua inayosema "maumivu ya nyonga, tafadhali msaidie" inamlazimisha anayekupokea aanze upya, na wewe urudi kwenye foleni ya kusubiri picha.